Bila Sampuli Hatuuzi

Ukiingia katika duka lile la vipuri, kabla hujapata nafasi ya kutoa salamu, ukuta ulikuwa umekwisha kukusalimu. Nyuma ya kaunta, juu ya rafu za vichujio, palitundikwa kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: BILA SAMPULI HATUUZI. Chini ya kibao hicho alisimama mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, ambaye jina lake halisi nusu ya mtaa walikuwa wamelisahau. Wote walimwita Bi Sampuli. Kibao alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, na kwa miaka kumi na mmoja alikiamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Kisha ikafika ile asubuhi ambayo maneno yale matatu yalikaribia kuua watu wawili, mmoja wao akiwa mama mkwe wa mtu.

Kibao hakikuzuka hivi hivi. Duka lilikuwa la mjomba wake, na Bi Sampuli aliingia humo akiwa na cheti cha uhazili, vidole laini vya kupiga taipu, na ahadi ya mjomba kwamba angeshika kaunta kwa miezi mitatu tu, mpaka apatikane mtu anayejua magari. Mtu huyo hakupatikana, na ukweli ni kwamba hakutafutwa. Ikabidi mtu huyo awe yeye. Aliyemfundisha ni Mzee wa Stoo, mwanamume mwembamba wa maneno machache, ambaye alikuwa na mjomba tangu biashara ilipokuwa meza moja kando ya barabara. Mchana, wateja wakipungua, Mzee alimwambia afumbe macho, kisha akamwekea kipuri mkononi.

“Hiki nini?”

“Plagi.”

“Hiki?”

“Beringi. Ya gurudumu la nyuma.”

“Na hiki?”

“Hicho ni kidole chako, Mzee.”

“Basi umeiva,” Mzee akasema, akaenda zake stoo kuendelea kupanga maboksi.

Vipuri, basi, havikumshinda. Waliomshinda ni watu. Katika mwezi wake wa kwanza alikuja bwana mmoja akitaka “kile kidude cheusi, cha mviringo mviringo hivi, kinachokaa kule chini.” Alikieleza kwa mikono yote miwili, akakipanua na kukifinya hewani, na Bi Sampuli, kwa kutotaka kuonekana mshamba, akamuuzia kidude cheusi cha mviringo. Baada ya siku mbili bwana yule alirudi gari lake likivutwa kwa kamba na la jirani yake. Alikirusha kile kidude juu ya kaunta kwa nguvu hadi ubao ukameguka pembeni. Mpaka leo pengo lile lipo, na Bi Sampuli hulipapasa kwa kidole gumba kila anapofikiri. Jioni ile ile alinunua kopo dogo la rangi nyekundu.

Tangu hapo hakuuza kitu kwa maneno. Ulitaka kipuri, ulileta cha zamani. Yeye alikishika, akakigeuza, akasoma namba iliyochongwa mgongoni, akakilinganisha na kipya meno kwa meno na tundu kwa tundu. Bidhaa zilizorudishwa zikapungua hadi zikakoma. Mjomba, ambaye siku hizi alikuja Ijumaa tu kwa sababu ya magoti yake, alikitazama kibao kama mtu anayetazama picha ya mjukuu.

Hata hivyo kibao hakikuwazuia watu kuja na vituko vyao. Kila wiki ilikuwa na cha kwake, na kila kituko kilimpiga Bi Sampuli kama kipya. Kulikuwa na bwana wa suti aliyetaka waipa ya kioo cha mbele, lakini ya upande wa dereva peke yake. “Mimi husafiri bila abiria,” alieleza kwa upole. “Huyo mwingine afutiwe kwa sababu gani?” Kulikuwa na mama mmoja aliyerudisha kichujio cha hewa, kile cha karatasi, baada ya kukifua kwa sabuni, kukisuuza kwa maji yenye marashi na kukianika kwenye kamba. Kilikuwa kimelegea kama mkate uliodondokea kwenye chai. “Na nimekifua kwa mkono, mdogo wangu,” alilalamika, “wala si kwa mashine!” Kulikuwa pia na kijana aliyeulizwa gari lake ni la aina gani.

“Jeupe,” akajibu.

“Jeupe la kampuni gani?”

“Si la kampuni, dada. Ni la shemeji.”

Katika nyakati kama hizo Bi Sampuli hakucheka wala kukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga aliyojifunga kiunoni juu ya gauni la kazi, akaivaa tena na kumtazama mteja upya, kana kwamba kosa lilikuwa la vioo. Mzee wa Stoo alikuwa akihesabu. Siku ya kawaida miwani ilifutwa mara tatu. Siku ya kwanza baada ya sikukuu, mara tisa.

Nyumbani, mambo hayo yalikuwa kitoweo cha pili. Mume wake alikuwa fundi cherehani aliyeshonea katika chumba chao cha mbele, na wakati wa kula alimsikiliza huku akichomoa pini kwenye kola ya shati lake, moja baada ya nyingine.

“Tofauti yetu ni moja, mke wangu,” alimwambia jioni moja. “Wewe unapima nguo kuukuu. Mimi nampima mwenye mwili. Iko siku utakitazama kipuri vizuri kabisa, umsahau aliyekishika.”

“Mwenye mwili hana namba mgongoni, baba watoto,” Bi Sampuli akamjibu. “Kipuri kinayo.”

Binti yao aliyekuwa darasa la saba alicheka hadi akapaliwa na maji, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa, ile asubuhi. Saa mbili na robo simu ya kaunta ililia. Mbele ya Bi Sampuli alikuwapo mteja aliyekuja na picha badala ya sampuli. Katika picha hiyo mteja mwenyewe alikuwa ameegemea gari lake, amevaa miwani ya jua na kukunja mikono kifuani. “Hapo nyuma ya mgongo wangu,” alikuwa akieleza, “ndipo ilipo taa yenyewe.” Bi Sampuli alikuwa amekwisha kuvua miwani. Alinyanyua simu bila kumwondolea macho.

“Shikamoo, mama,” ilisema sauti ya kiume, ya polepole, iliyonyooka kama ya mtangazaji. “Breki zangu za mbele zinapiga kelele. Nilitaka kujua kama mnauza zinazolingana nazo.”

“Lete sampuli.”

“Samahani, mama. Sampuli kwa maana ya…”

“Zile zile za zamani, baba. Nizione, nizishike, nizipime. Bila hizo siuzi.”

“Nimeelewa kabisa. Nizilete leo?”

“Zilete hata sasa hivi,” alisema Bi Sampuli, akakata simu, na akamrudia bwana wa picha. “Kaka yangu, mgongo wako ni mzuri, lakini hauna taa.”

Simu ile aliisahau kabla mkono haujatoka juu yake.

Ilipata saa nne na nusu alipoingia kijana wa miaka kama thelathini, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi likasimama, na tai ya kijani. Lakini kuanzia viwikoni hadi kwenye kucha alikuwa mweusi tititi kwa grisi, na jasho lilimtiririka kwenye mashavu. Alijigonga kidole cha mguu kwenye drami kuukuu la breki, kile chuma kizito kilichozuia mlango wa duka usijifunge, akaliomba radhi lile drami, akasogea hadi kwenye kaunta.

“Mama, shikamoo. Ni mimi niliyepiga simu. Ni mwalimu wa jiografia pale sekondari.”

“Marahaba, mwalimu. Sampuli?”

Mwalimu aliweka juu ya kaunta bahasha kubwa ya kaki, ya aina inayobebea karatasi za mitihani. Akatoa vifurushi vinne vya gazeti, akavipanga katika mstari. Kila kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wa ubaoni: Kushoto, ndani. Kushoto, nje. Kulia, ndani. Kulia, nje. Akavifungua, na ndani ya kila kimoja palikuwa na pedi ya breki, imepanguswa ikang’aa.

Bi Sampuli alishika kifua. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kuona kitu kama kile. Watu walimletea sampuli ndani ya soksi, ndani ya kopo la rangi, nyingine zimeng’ang’ania nusu ya kipuri kingine. Huyu alikuwa ameleta zote nne, safi, zenye majina.

“Mzee!” aliita kuelekea stoo. “Mzee, acha unachofanya, njoo uone mteja!”

Mzee wa Stoo alitoka akijifuta mikono. Bwana wa picha, ambaye alikuwa amerudi na picha nyingine, naye akanyoosha shingo.

“Unaona, kaka?” Bi Sampuli alimgeukia. “Huyu ndiye mteja. Hakuniletea mgongo. Ameleta kitu.”

Mwalimu aliinamisha macho kwa haya. “Nilifuata maelekezo tu, mama.”

“Laiti wote wangefuata! Na nani kakufungulia? Fundi gani huyu msafi?”

“Nimezifungua mwenyewe. Nina kitabu chenye michoro.”

“Mwenyewe! Na kuzifunga?”

“Nitazifunga mwenyewe pia, jioni, baada ya vipindi. Kwa sasa nina haraka kidogo. Mama mkwe ananisubiri nimpeleke stendi ya mabasi.”

“Jioni ni vizuri,” alisema Bi Sampuli, huku akizipima pedi mpya juu ya zile za zamani, tundu kwa tundu. “Kazi ya breki haitaki papara.” Akazifunga zile mpya katika boksi lake, akampa mkono wa kwaheri bila kujali grisi, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Mwalimu alishukuru, akalikwepa drami, akatoka.

Mzee wa Stoo alibaki amesimama palepale, ameshika ile pedi ya Kulia, nje, akiigeuzageuza.

“Amesema atafunga jioni,” alisema taratibu.

“Ndiyo.”

“Stendi anaenda sasa hivi.”

“Ndiyo, na mama mkwe wake. Kwani nini?”

Mzee aliinua ile pedi hadi usawa wa macho yake. “Kwenye gari kumebaki nini?”

Bi Sampuli aligeuka kuitazama kaunta. Palepale alikumbuka kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekiona bila yeye kukitazama: ufunguo wa gari, umening’inia kwenye kidole kidogo cha ule mkono mweusi, wakati wote mwalimu alipokuwa akifungua vifurushi vyake. Pedi nne. Zote nne zilikuwa hapo juu ya kaunta. Gurudumu la mbele hushikwa na vipande viwili vinavyolibana kutoka ndani na nje. Ukiviondoa, unakanyaga breki na hakuna kinachobanwa. Na barabara iliyopita mbele ya duka ilikuwa ya mteremko, ikishuka moja kwa moja hadi kwenye makutano ambako malori ya mizigo yalikuwa hayamsubiri mtu.

Alitazama nje kupitia mlangoni. Hatua ishirini hivi upande wa chini, mwalimu alikuwa ameinama mbele ya gari dogo la kijivu. Alikuwa akitoa jiwe lililozuia gurudumu. Alilitoa kwa uangalifu, akalipangusa, akaliweka ndani ya buti pamoja na jingine, kama mtu anayejua kwamba atalihitaji tena mbele ya safari.

Kaunta ile ilikuwa na kipande cha kukunja pembeni, cha kupitia. Bi Sampuli hakukikumbuka. Aliipanda kaunta kwa goti, akaangusha kikapu cha plagi, akatua upande wa pili na kandambili moja. Bwana wa picha alijibana ukutani.

“Mwalimu!” alipiga ukelele uliowatoa watu madukani. “Mwalimu, simama! Usiwashe! Usiachie!”

Mwalimu alikuwa amekwisha kukaa, amekwisha kufunga mkanda na kuwasha injini. Alimwona mwanamke anakuja mbio, kanga inapepea na miwani inamruka kifuani, na kwa adabu yake akashusha kioo ili amsikie vizuri. Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kuteremsha breki ya mkono, na gari likaanza kutambaa.

“Vuta mkono! Vuta breki ya mkono!”

“Kuna kitu nimesahau, mama?”

“Vuta, mwanangu, vuta!”

Kwenye kiti cha nyuma, mama mkwe aliyekuwa amekaa wima na mkoba wake mapajani aligeuka. “Mkwe wangu, simama. Huyu mama umemchukulia nini?”

“Sijachukua chochote, mama!”

“Basi kwa nini anakufukuza hadharani?”

Mwalimu alivuta. Magurudumu ya nyuma yalikwaruza, gari likapunguza mwendo, lakini halikusimama. Waya wa breki ile ulikuwa umevutwa sana asubuhi ile na ulikuwa umechoka. Lilitambaa huku likinung’unika. Bi Sampuli alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili, akakaza miguu, kandambili moja na kisigino kitupu, kana kwamba angeweza kulishika gari kama mtu anavyomshika mbuzi. Lilimkokota. Chini kabisa lori lilipita kwenye makutano, refu, polepole, na Bi Sampuli aliliona lote, tairi baada ya tairi.

Ndipo Mzee wa Stoo alipompita. Hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na hata siku ile hakukimbia hasa. Alitembea haraka sana akiwa amekumbatia lile drami la mlangoni kifuani kama mtoto mzito. Alilitangulia gari, akapiga goti, akalilaza drami mbele ya gurudumu la kushoto, akajirusha pembeni. Gari likagonga chuma, likainuka kidogo, likarudi chini na kutulia.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Mwalimu akaizima, akachomoa ufunguo, akasema, “Asanteni. Lakini sijaelewa tatizo.”

Bi Sampuli alitafuta miwani kifuani, akaifuta, akaivaa, akamtazama. Haikusaidia. Mtu alikuwa yule yule.

“Umefika vipi hapa?” alimuuliza.

“Kwa gari, mama.”

“Gari gani?”

“Hili hili.”

“Bila breki?”

“Breki nilikuwa nazo,” alijibu mwalimu kwa unyoofu kabisa. “Zilikuwa kwenye bahasha.”

Watu waliokuwa wamejikusanya walisogea karibu. Mtu mmoja nyuma alisema, “Mungu wangu,” akakaa chini kwenye ukingo wa barabara.

“Nilipokanyaga mara ya kwanza,” mwalimu aliendelea, akiwageukia wote kama darasa, “kanyagio lilizama hadi sakafuni. Nikafikiri ni kawaida, kwa kuwa sampuli haipo mahali pake. Basi nikatumia breki ya mkono, gia ndogo, na mawe kila tuliposimama. Tumekuja vizuri tu. Ni kilomita nne.”

“Kilomita nne,” alirudia Mzee wa Stoo, akiwa bado chini.

“Mimi niliona anavuta ule mkono kama mtu anayeteka maji kisimani,” alisema mama mkwe, ambaye sasa alikuwa ameshuka na kushika mlango kwa mkono mmoja. “Kila penye makutano anavuta, anasema dua, anavuta. Nikajiambia, nyamaza, labda wasomi ndivyo wanavyoendesha.”

“Lakini kwa nini?” Bi Sampuli alisema, na sauti ikampanda bila yeye kutaka. “Kwa nini, baba? Nani alikuambia ufungue breki kisha uendeshe gari?”

Mwalimu alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Wewe, mama. Kwenye simu. Nilikuuliza nizilete leo, ukasema nizilete hata sasa hivi.”

Maneno hayo yalimwingia Bi Sampuli polepole, kama maji baridi yanavyopenya kwenye nguo. Aliikumbuka simu. Aliikumbuka sauti iliyonyooka, na mgongo wa bwana wa picha, na jinsi alivyojibu bila hata kugeuza shingo. Hakuuliza gari liko wapi. Hakuuliza kama kuna fundi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akishangaa watu wanavyofanya mambo bila kufikiri, na siku alipopata mtu aliyefuata neno lake hadi herufi ya mwisho, neno lenyewe lilikuwa na shimo. Na mwalimu aliyafanya haya akiwa na mama wa watu kwenye kiti cha nyuma.

Alimshika mama mkwe mkono, akasema, “Njooni mkae. Njooni mnywe maji.”

Fundi wa gereji ya jirani aliitwa. Alipolala chini na kuchungulia ndani ya gurudumu, alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba walidhani amepatwa na jambo. Kisha akatoka, akaomba kiti. Vyuma vinavyosukuma pedi vilikuwa vimetoka nje kabisa, alisema, na mafuta ya breki yalikuwa yamemwagika yote njiani. Hata hizo pedi mpya zingefungwa vile vile zilivyo, gari lisingeshika. Kazi ilimchukua saa mbili na nusu. Mwalimu alichuchumaa kando yake akiandika kila hatua kwenye daftari, hadi fundi akamsihi aache. “Mwalimu, nakuomba. Hiki usikijue. Niachie mimi.”

Mama mkwe alikalishwa kwenye kigoda nyuma ya kaunta, chini ya kibao. Basi lake lilikuwa limekwisha kuondoka, na shuleni walikuwa wamepelekewa ujumbe. Alikaa pale mchana mzima, mkoba mapajani, akiwatazama wateja wakiingia na kutoka. Aliingia mtu aliyetaka betri “ndogo ya kujaribia.” Aliingia mwingine akiuliza kama maji ya rejeta yanaweza kubadilishwa ladha, kwani gari lake lilikuwa linayakataa. Mama mkwe alimvuta Bi Sampuli mkono.

“Mwanangu, hivi ndivyo kila siku?”

“Kila siku, mama.”

“Na wote hawa wanaendesha?”

“Wote.”

Mama mkwe alifikiri. “Basi mimi nitarudi kijijini kwa miguu.”

Bi Sampuli alicheka, mara ya kwanza siku ile, na kicheko kikageuka ghafla kikawa machozi, akalazimika kujifanya anatafuta kitu chini ya kaunta. Huko chini, kati ya plagi zilizotawanyika, alikaa kidogo akipapasa lile pengo la ubao. Alipoinuka, mama mkwe alikuwa akimtazama.

“Ulikimbia na kiatu kimoja,” mama yule alisema. “Sitausahau mguu ule.”

Saa tisa gari lilikuwa tayari. Fundi alilijaribu mteremkoni mara tatu, likasimama mara tatu. Mwalimu aliaga kila mtu kwa mkono, akafika kwa Bi Sampuli, akasita.

“Mama, naomba radhi kwa usumbufu. Lakini ningependa kushauri jambo kuhusu kibao.”

“Sema, mwalimu.”

“Maelekezo hayajakamilika.”

“Najua,” alisema Bi Sampuli. “Nimekwisha kujua. Shika brashi.”

Lile kopo dogo la rangi lilikuwa bado lipo, limeganda juu lakini bichi ndani. Mwalimu alipanda kwenye kigoda, na chini ya maneno ya zamani akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, kama Bi Sampuli alivyomtajia: KAMA NI BREKI, GARI LIACHE LILIPO. NJOO KWA MIGUU. Mzee wa Stoo alirudi nyuma hatua mbili, akasoma, akakubali kwa kichwa.

Usiku ule mezani Bi Sampuli alisimulia yote bila kuruka kitu, hata pale aliposema “zilete hata sasa hivi.” Binti yake hakucheka. Fundi cherehani aliacha pini zake.

“Na uliposhika dirisha,” aliuliza, “ulidhani utalizuia gari?”

“Sikudhani kitu.”

Mume wake akauchukua mkono wake uliochubuka kiganjani, akaugeuza, akaupima kwa macho kama kitambaa. “Kesho usibebe kitu kizito,” alisema. Yale aliyomwambia zamani juu ya nguo kuukuu na mwenye mwili, hakuyataja, naye Bi Sampuli alimshukuru kwa hilo zaidi ya kwa mengine yote.

Kesho yake asubuhi, drami likiwa limerudi mlangoni pake, aliingia bwana mmoja mnene akihema. Kwapani alikuwa amebeba mlango mzima wa gari, na kioo chake, na kitasa chake, na hata kitambaa cha kufutia kilichochomekwa kwenye mfuko wake wa ndani.

“Kitasa hakifungui,” alisema, akiulaza juu ya kaunta kwa kishindo. “Nimesikia hapa hamuuzi bila sampuli.”

Mzee wa Stoo alisubiri miwani ivuliwe. Haikuvuliwa. Bi Sampuli hakukitazama hata kitasa. Alimtazama mtu: viatu vyake, jasho lake, mikono yake, vidole vyake vyote kimoja kimoja, akitafuta ufunguo.

“Umekuja na nini, kaka?”

“Na gari.”

“Lipo wapi?”

“Hapo nje. Mke wangu amekaa upande usio na mlango, amejifunga kamba.”

Bi Sampuli alitoka hadi barazani. Gari lilikuwapo, na mke alikuwapo, amefungwa kwenye kiti kwa kamba ya kuanikia nguo, akimpungia mkono kwa furaha. Aliegemea ukuta.

“Breki unazo?” aliuliza.

“Ninazo.”

“Ziko wapi?”

Bwana yule alimwangalia kama anayemtazama mtu asiyejua magari. “Si kwenye magurudumu, dada? Breki hukaa wapi kwingine?”

“Basi karibu ndani,” alisema Bi Sampuli, na pumzi ndefu ikamtoka. “Karibu sana, kaka yangu. Tuuone huo mlango.”